Mwenyeji mwembamba: shajara ya kujenga mashine ya Linux ya kubeba seva pepe

Ninachokusudia

Mashine moja ya chuma, wageni wanne juu yake, yaani seva pepe (kompyuta zinazoigizwa kwa programu): seva ya DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani), seva ya tovuti, hifadhidata, na mmoja wa kufanyia majaribio. Mashine yenyewe, ambayo humu naiita mwenyeji, haitakuwa na kazi nyingine yoyote. Haitaendesha tovuti, haitatunza barua pepe, haitakuwa na skrini ya picha, wala haitapokea programu ya "tuiweke hapa kwa muda". Sababu yangu ni hii: mgeni akiharibika namfuta na kumjenga upya, na wenzake hawatajua. Mwenyeji akianguka, wote wanne wameanguka naye. Kwa hiyo kila kifurushi kinachotaka kukaa kwa mwenyeji nitakiuliza swali moja: usipokuwepo, ni mgeni gani atakayeshindwa kufanya kazi?

Vifaa: prosesa ya viini vinne, RAM ya GB 16, diski mbili za SSD za ukubwa sawa, na kadi mbili za mtandao wa waya. Kadi ya pili ina umuhimu wake, nitaufikia.

Jumamosi. Chuma kwanza

Kabla ya kugusa diski niliwasha mashine kwa flashi na kutafuta mambo mawili. La kwanza, kama prosesa ina uwezo wa kubeba mashine pepe: `grep -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo` ilirudisha `vmx`, alama ya Intel. Kwa AMD ungeona `svm`. La pili ndilo lenye uzito, yaani kama kerneli (moyo wa Linux) imeruhusiwa kuutumia uwezo huo. Prosesa inaweza kuwa nao na bado BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, ikawa imeufunga, na bodi nyingi hutoka kiwandani hivyo. Uthibitisho ni faili ya `/dev/kvm`. Hapa haikuwepo. Nikaingia kwenye BIOS, nikafungua VT-x (jina la Intel la uwezo huo), nikawasha upya, ikajitokeza.

Nasimama kidogo kwenye KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe, kwa sababu bila hiyo mradi huu ungekuwa mzito zaidi. Xen, programu nyingine ya kubeba mashine pepe, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge na kutoka mwaka 2003, ilikaa chini ya kerneli, na mwanzoni kerneli ya mgeni ilibidi irekebishwe ndipo ielewane nayo. Intel ikaleta VT-x mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006, na Februari 2007 kerneli 2.6.20 ikatoka ikiwa na KVM ndani. Tangu hapo kerneli ya kawaida ya Linux ndiyo inayowasimamia wageni. Mgeni ni mchakato kama michakato mingine: unamwona kwa `ps`, unajua ametumia kumbukumbu kiasi gani, na zamu yake ya prosesa inapangwa palepale inapopangwa zamu ya SSH, huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali. Sihitaji mfumo maalumu. Nahitaji kerneli, QEMU (programu inayomwigia mgeni vifaa vyake), na vitu vichache sana pembeni.

Jumapili. Mfumo

Nilisita kati ya Alpine na Debian. Alpine inavutia kwa kazi hii: inaweza kuishi yote ndani ya RAM na kuhifadhi mabadiliko pale tu unapoiagiza kwa `lbu commit`. Nimechukua Debian 12 kwa kuwa wageni wote ni Debian, na napenda kufuatilia taarifa za usalama za mfumo mmoja badala ya miwili.

Kisakinishi sikukitumia. Diski mbili nimeziunganisha kwa `mdadm` kuwa RAID 1 (kila data inaandikwa kwenye zote mbili), juu yake LVM (ya kukata diski vipande), na kutoka humo nikakata GB 8 za mfumo wa mwenyeji. Zilizobaki ni za wageni. Kisha `debootstrap --variant=minbase`, ambayo inakupa vifurushi vya lazima na `apt` tu. Hata `init` haimo. Kerneli, systemd (inayowasha na kusimamia huduma), GRUB (inayoiwasha kerneli), `mdadm`, `lvm2` na SSH unaviomba mwenyewe kimoja kimoja. Ni kazi ya taratibu lakini ina faida kubwa: ukimaliza, kila kilichomo unakijua kwa jina na unajua kwa nini kimo.

Kabla ya kuongeza chochote nikaandika mstari huu kwenye mipangilio ya `apt`:

`APT::Install-Recommends "false";`

Mstari huo mmoja, unaoizuia `apt` kuleta vifurushi vinavyopendekezwa tu, umeokoa zaidi ya yote niliyofanya Jumapili. QEMU imekuja bila `qemu-system-gui`, kwa hiyo bila msururu wote wa maktaba za madirisha na michoro. Ni kweli kwamba `qemu-utils`, yenye `qemu-img`, nayo ilibaki nje, ikabidi niitaje. Ila kilichonifurahisha zaidi ni kukosekana kwa `os-prober`. Programu hiyo huisaidia GRUB kutafuta mifumo mingine kwenye diski ili iingizwe kwenye menyu ya kuwashia. Kwenye kompyuta ya mtu inafaa. Kwa mwenyeji wa mashine pepe ni hatari ya kweli: inapekua kila sehemu ya diski, inakuta diski za wageni zilizokatwa kwa LVM, na inaweza kufungua mfumo wa faili ambao mgeni yuko hai anauandikia wakati huohuo. Mifumo miwili ikishika faili zilezile bila kujuana, data inaharibika. Matoleo mapya ya GRUB yameizima kwa chaguo-msingi, lakini kwangu imezimwa zaidi kwa kutokuwepo kabisa.

Kuna vitu nilivyokataa kupunguza. Cha kwanza ni maikrokodi ya prosesa (maagizo ya ndani yanayoweza kusasishwa ili kuziba dosari zake), ambayo kwenye Debian 12 inakaa katika sehemu ya `non-free-firmware` na `debootstrap` haiileti. Agosti 2018 ilitangazwa L1TF, dosari ya prosesa za Intel inayoweza kumruhusu mgeni kusoma data iliyobaki kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya kiini anachochangia na wengine. Mwenyeji asiye na maikrokodi mpya ni mwembamba kwa ubaya. Hali ya mashine yako inasomeka kwenye `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/`, na inafaa kufungua kila faili mle na kuisoma. Cha pili ni AppArmor, inayoiwekea programu mipaka ya inachoweza kugusa: libvirt, programu ya kuwasimamia wageni, inampa kila mgeni wasifu wake, ili mchakato wa QEMU ukidukuliwa usiweze kugusa diski ya mgeni mwingine. Cha tatu ni `MODULES=most` kwenye initramfs, faili yenye viendeshi vya kuwashia mashine. Ukiweka `dep`, yaani viendeshi vya mashine hii tu, faili inapungua sana, ila siku bodi ikifa na diski zikahamishiwa mashine nyingine, huenda zisiwake. Megabaiti chache si kitu mbele ya usiku wa namna hiyo.

Jumatatu usiku. Mtandao

Kadi ya kwanza ni ya usimamizi: ina anwani ya IP, na SSH inasikiliza hapo. Kadi ya pili ni ya wageni pekee, imeingizwa kwenye daraja la kerneli (swichi ya mtandao ya programu), `br0`, na daraja halina anwani yoyote. Pakiti za wageni zinapita kwa mwenyeji bila yeye kuwa na makazi kwenye mtandao wao. Mtandao wa `default` wa libvirt, ule wa 192.168.122.0/24 wenye NAT na dnsmasq, nimeuondoa. Hakuna mgeni anayeuhitaji. (Anayefikiria kutumia Wi-Fi badala ya waya ajue mapema kwamba kadi ya Wi-Fi iliyojiunga na kituo kama mteja wa kawaida haiingii kwenye daraja, maana kituo hakitambui anwani za MAC (vitambulisho vya kadi za mtandao) za wageni walio nyuma yake.)

Jambo moja kuhusu MAC. Daraja likiachwa bila maagizo huchukua anwani iliyo ndogo kuliko zote miongoni mwa milango yake, kwa hiyo mgeni akiwashwa au kuzimwa anwani ya daraja inaweza kubadilika. Ndiyo maana libvirt huupa mlango wa mgeni upande wa mwenyeji anwani inayoanza na `fe`, kubwa kiasi kwamba haiwezi kuchaguliwa. Mimi nimeiandika anwani ya daraja waziwazi kwenye faili ya systemd-networkd na suala limeisha.

Sasa sehemu iliyonishughulisha usiku huu. `ss -tln`, inayoorodhesha milango ya mtandao inayosikiliza, kwa mwenyeji ilionyesha SSH peke yake, nami nilitaka kuhakikisha kwamba wageni hawaifikii. Nikaingia kwa mgeni wa majaribio na kupiga `ping` kwa `ff02::1`, anwani ya IPv6 ambayo kila kifaa kwenye kipande hicho cha mtandao huitikia. Miongoni mwa walioitikia kulikuwa na anwani ya `fe80` ya `br0`. Daraja halikupewa IP na mtu yeyote, ila kerneli hujipatia anwani ya IPv6 ya karibu mara kiolesura kinapoamka. SSH ilikuwa inasikiliza `[::]:22`, yaani kila mahali, kwa hiyo mgeni yeyote angeweza kubisha hodi kwa mwenyeji. Tiba ni mistari miwili: `LinkLocalAddressing=no` kwenye mipangilio ya `br0`, na `ListenAddress` ya SSH ikitaja anwani ya kadi ya usimamizi tu. Nilirudia `ping` kutoka kwa mgeni: wageni wenzake wameitikia, mwenyeji kimya.

Jipime kwa jaribio hilihili ukijenga mashine ya namna hii. IPv4 peke yake haikuonyeshi picha nzima.

Baada ya hapo mashine ikawa inachelewa kuwaka kwa dakika mbili kamili. Ni `systemd-networkd-wait-online` ilikuwa inasubiri daraja lipate anwani ambayo halitaipata kamwe. `RequiredForOnline=no` imeimaliza.

Jumatano. Kumbukumbu

Hapa ndipo nilipofikiri kwa muda mrefu kuliko popote. RAM ni GB 16. Nimeigawa hivi: hifadhidata GB 6, tovuti GB 4, majaribio GB 1.5, DNS MB 512. Jumla GB 12, na GB 4 zinabaki kwa mwenyeji na kwa QEMU yenyewe, kwa sababu kila mchakato wa QEMU unatumia kumbukumbu zaidi ya ile aliyopewa mgeni.

Linux inakuruhusu kugawa zaidi ya ulichonacho. KSM, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.32 mwaka 2009, hutafuta kurasa za kumbukumbu zinazofanana kati ya wageni na kuziunganisha. Puto la virtio (vifaa pepe vilivyobuniwa kwa ajili ya wageni) hurudisha RAM kutoka kwa mgeni asiyeitumia. Ni mbinu nzuri kwa mwenye wageni wengi wanaofanana. Tatizo ni kinachotokea hesabu isipotimia. Kerneli ikiishiwa kumbukumbu huchagua mchakato wa kuua, na kwa kawaida huangukia ule mkubwa. Kwa mwenyeji, mchakato mkubwa ni mgeni mwenye RAM nyingi. Kwangu huyo ni hifadhidata, mgeni niliyetaka awe wa mwisho kufa.

Kwa hiyo nimechagua njia ngumu isiyo na mashaka: kurasa kubwa. Ukurasa wa kawaida ni KB 4, mkubwa ni MB 2. GB 12 kwa kurasa ndogo ni kurasa 3,145,728. Kwa kubwa ni 6,144. Nimeandika `hugepages=6144` kwenye mstari wa kerneli ili zitengwe mashine inapowaka, kabla RAM haijavunjikavunjika, na kwa kila mgeni `<memoryBacking><hugepages/></memoryBacking>`. Prosesa inapunguza kazi ya kutafuta anwani, na hilo ni jema, lakini si ndilo nililolifuata. Nilichofuata ni kwamba kumbukumbu ya mgeni inashikwa yote siku anapowashwa. Ipo au haipo. Wageni wanne wakiwa hai, `HugePages_Free` inasoma 0. Nilijaribu kuwasha wa tano: amekataliwa papo hapo, na wanne hawakuguswa. Kukataliwa mlangoni mchana kweupe ni bora mara nyingi kuliko hifadhidata kuuawa usiku wa manane na kumbukumbu ya matukio ndiyo inakueleza asubuhi.

Gharama yake naijua. KSM haigusi kurasa hizo, puto halina maana, na GB 12 hizo mwenyeji hazitumii hata zikilala bure. Kwa wageni wanne wanaojulikana nakubali.

Ijumaa. Diski, na kumvua mgeni asivyohitaji

Diski za wageni ni sehemu za LVM moja kwa moja, si faili za qcow2, muundo wa QEMU wa diski pepe. Qcow2 ina uzuri wake, hasa nakala za papo kwa papo na kukua kidogo kidogo, ila inaongeza tabaka juu ya mfumo wa faili wa mwenyeji, na nataka matabaka machache. Basi: virtio, `cache='none'`, `io='native'`, `discard='unmap'`.

Neno `none` linatafsiriwa vibaya na wengi. Maana yake ni kwamba data ya mgeni haipiti kwenye kashe ya RAM ya mwenyeji. Mgeni akiagiza "andika hii hadi diskini ndipo uniambie", agizo linafika hadi kwenye diski. `unsafe` ndiyo inayopuuza agizo hilo, na kwa sababu hiyo inaonekana ya kasi kwenye vipimo.

Nilitaka kuliona kwa macho. Hifadhidata ikawa inaandika namba zinazopanda, kila moja kwa `fsync` (ndilo agizo lenyewe), na mashine nyingine kando ikirekodi namba ya mwisho iliyothibitishwa. Kisha nikachomoa waya wa umeme wa mwenyeji. Kutumia `virsh destroy`, amri ya libvirt, kusingetosha, maana kunamuua mgeni tu, na data iliyo kwenye kashe ya mwenyeji inabaki salama na kuandikwa baadaye. Kwa `none`, kila namba iliyothibitishwa ilikuwepo baada ya kuwaka. Kwa `unsafe`, namba za mwisho, ambazo hifadhidata ilikwisha kuahidi kwamba zimehifadhiwa, hazikuwepo. Diski za RAID nazo zilijisawazisha haraka kwa sababu ramani ya maandishi ya `mdadm` ilionyesha ni maeneo gani tu ya kukagua.

Kisha vifaa vya mgeni. Libvirt ikiachiwa ichague inaweka video, USB, puto na vinginevyo. Nimeondoa vyote: video `none`, USB `none`, puto `none`. Kinachobaki ni diski ya virtio, kadi ya mtandao ya virtio, terminali ya siriali inayofunguliwa kwa `virsh console`, na chaneli ya virtio ya `qemu-guest-agent` nitakayoihitaji kwenye nakala rudufu, na kerneli ya mgeni imepewa `console=ttyS0`. Mashine ya mfano ni Q35; ile ya zamani, i440FX, inaiga chipseti ya mwaka 1996.

Nina sababu ya kushikilia hili. Mei 2015 ilitangazwa VENOM, CVE-2015-3456: dosari ndani ya kodi ya QEMU inayoiga kidhibiti cha floppy, kodi iliyoandikwa mwaka 2004. Mgeni mwenye mamlaka ndani ya mashine yake angeweza kuitumia kutoroka hadi kwa mwenyeji, na kwa sababu ya hitilafu nyingine, hata aliyezima floppy kwenye mipangilio yake hakuwa salama. Nani alikuwa anatumia floppy kwenye seva pepe mwaka 2015? Kila kifaa cha kuiga ni kodi inayopokea maneno kutoka kwa mgeni usiyemwamini. Kisipokuwepo, hakuna wa kuzungumza naye.

Jumamosi. Kuzima, kuwaka, na kuonya

`libvirt-guests` imewekwa `ON_SHUTDOWN=shutdown`, ikimpa mgeni dakika mbili. Watatu walizimika vizuri. DNS hakujibu hadi muda ukaisha. Naye amejengwa kwa `minbase`, hana `dbus` (njia ya programu kuwasiliana), na bila hiyo `systemd-logind` haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna anayesikia kitufe cha kuzima kikibonyezwa. Nimemwekea `dbus`, sasa anazimika kwa sekunde chache.

Mwenyeji hatakiwi kumtegemea mgeni wake ili awake. Mashine ikitafuta majina kwa mgeni wa DNS ambaye bado hajawashwa, kila huduma inayotaka jina inakwama. Mwenyeji anauliza majina kwingine, na seva za saa za chrony nimezitaja kwa anwani za IP. Wageni wao wanasoma saa ya mwenyeji kupitia `ptp_kvm`, bila kupita mtandaoni.

Onyo la diski: `mdadm` hutaka kutuma barua pepe, na hapa hakuna seva ya barua, wala haitakuwepo. Badala yake nimetumia mstari wa `PROGRAM` kwenye `mdadm.conf`, unaoita skripti fupi ikiwa na jina la tukio na la diski. Skripti inapeleka ujumbe kwenye mashine nyingine kabisa. Kuupeleka kwa mgeni kungekuwa kuuweka juu ya diski zilezile zinazolalamikiwa. Nilijaribu kwa `mdadm --fail`: ujumbe ulifika, wageni waliendelea na kazi, na diski iliporudishwa ilijazwa upya hadi mwisho.

Jumapili. Nakala rudufu, na hali ilivyo

Nakala zinachukuliwa hivi: `virsh domfsfreeze` inamwomba mgeni, kupitia `qemu-guest-agent` iliyo ndani yake, asimamishe uandishi, `lvcreate -s` inakata picha ya diski, `domfsthaw` inamwachia. Mgeni anasimama kwa muda mfupi sana. Picha inatumwa nje ya mashine kisha inafutwa, kwa kuwa picha ya LVM ikiachwa ijae inabatilika na inapunguza kasi ya kuandika. Hifadhidata pia inatoa nakala yake yenyewe kila usiku, na hiyo ndiyo ninayoitegemea zaidi.

Leo nimerudisha nakala ya tovuti kwenye diski mpya na kuiwasha kwa jina lingine, bila kurasa kubwa, maana hazijabaki, na bila kadi ya mtandao ili isigombane na mwenzake. Imewaka, faili zipo, na tarehe ya mwisho ya mabadiliko ni ya jana usiku kama inavyotakiwa.

Kwa mwenyeji sasa `ss -tln` inaonyesha mlango mmoja tu, kwenye anwani moja. Kilichobaki: kuisogeza skripti ya nakala kutoka kwenye kuitwa kwa mkono hadi kwenye kipima muda cha systemd, na kumfanyia mgeni wa hifadhidata jaribio lilelile la kurudisha. Nakala yake ni kubwa na itahitaji nafasi, kwa hiyo kwanza nitamzima mgeni wa majaribio na kuazima sehemu yake ya diski.